Herufi moja imeua mzimu

Nyota moja. Ndiyo, moja, na nimejizuia.

Ni mkusanyo wa hadithi fupi za kutisha kwa vijana, kila hadithi na mwandishi wake. Mashujaa ni wasichana wanaopenda wasichana, wavulana wanaopenda wavulana, na wengine wasiojiweka upande wowote. Asili yake ni Kiingereza, ila hapa Goma nimeupata kwa Kifaransa, na Kifaransa ndicho kilichoharibu.

Hadithi ya 5 ndiyo bora kuliko zote. Shule iliyoachwa, mzimu unaowinda wasichana tu. Msimulizi ni "mimi", hana jina, ameingia humo na mpenzi wake wa kike. Nimelinganisha na Kiingereza: kurasa karibu 20 bila neno moja la kuonyesha huyo "mimi" ni nani. Msomaji anajijazia: ana mpenzi wa kike, basi ni mvulana, basi yuko salama. Mwishoni mzimu unampita mpenzi na kumgeukia msimulizi. Unaogopa, tena unaona haya, maana mtego umejitegea mwenyewe.

Sasa mfasiri! Sentensi ya 2: "je suis arrivée", yaani nimefika. Ile e ya mwisho inatangaza kuwa aliyefika ni wa kike! Kurasa zote zilizobaki hazina kazi tena.

Na wala haikuwa ngumu. Kitenzi kinachokwenda na "avoir" hakibadiliki kwa kuwa mtenda ni wa kike au wa kiume: "j'ai poussé la porte" (nilisukuma mlango), "j'ai couru" (nilikimbia). "J'arrivai" (nilifika) nayo haisemi kitu. Badala ya "effrayée" (mwenye hofu, wa kike) weka "j'ai eu peur" (niliogopa). Kwa sifa, chagua zisizobadilika: "triste" (mwenye huzuni), "calme" (mtulivu), "malade" (mgonjwa). Kiswahili chetu kingeifanya hiyo kazi bure: nilifika, niliogopa, nilikaa, mpenzi wangu. Ungejihadhari na kuoa na kuolewa tu.

Mengine haraka. Hadithi 2 za wanyonya damu zimepangwa zikifuatana, sijui aliyepanga alikuwa na haraka gani. Ya 9 inatisha kama mazuku, ile gesi ya volkano inayotuama mabondeni: hakuna harufu, hakuna kelele, umechuchumaa tu pale bondeni na hewa imekwisha. Tena wapenzi wote wawili wanatoka wazima, jambo adimu katika hadithi za kutisha, ambako watu kama wao ndio huchinjwa mwanzo. Kwa hiyo ya 9 pekee naongeza nyota. Mbili, basi. Haya, tatu.

Maana kuna jambo lingine, linaniudhi kulikubali: "arrivé" na "arrivée" masikioni ni kitu kimoja. Umeme ukikatika, mmoja akawasomea wenzake kwa sauti, mzimu unafufuka na mtego unanasa kama kawaida. Nne!

Ila msomaji awe macho ukurasa wa 11, kuna "assise" (aliyeketi, wa kike), na ile s inasikika. Hapo aseme "par terre" (chini) tu, asisite, aendelee.