Ruzuku ya SEARCH: fedha za kupima kabla ya kuchimba

Ruzuku ya SEARCH, fedha za serikali ya Marekani za kupanga miradi ya maji ya vijijini, naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia, na sababu yake nitaieleza.

Mimi ni Mtaita wa Wundanyi, Kenya, na huu ni mwaka wa saba nikiwa karani wa kijiji kimoja huko Nebraska, Marekani. Neno kijiji silitumii ovyo. Sheria ya jimbo hili huita kijiji mji wenye watu kati ya 100 na 800, unaoongozwa na bodi ya watu 5. Chetu kina watu mia sita na ushei, visima viwili, tangi moja la juu na mabwawa mawili ya majitaka yaliyochimbwa kabla sijazaliwa. Natoza bili za maji, naandika kumbukumbu za vikao, nafungua barua.

Barua moja ilileta majibu ya maabara: kisima cha pili kilikuwa na nitrati miligramu 11.4 kwa lita, na kikomo cha serikali kuu ni 10. Hapa tumezungukwa na mahindi pande zote, na mbolea yake huteremka na maji hadi chini tunakochota. Mtu mzima anaweza kunywa asione kitu. Kwa mtoto wa chini ya miezi sita, nitrati huizuia damu kubeba oksijeni, na mtoto huanza kugeuka buluu.

Nilibandika tangazo. Asubuhi yake mama mmoja kijana akanipigia kuniambia nisihofu, maji ya maziwa ya mwanawe huyachemsha kwanza. Nilinyamaza kidogo. Nimelelewa kwa maji ya kuchemsha. Nyanya hakuturuhusu kugusa kikombe kabla sufuria haijatokota. Lakini nitrati si kijidudu, haifi kwa moto. Mvuke unatoka, maji yanapungua, nitrati inabaki palepale na maji yanazidi kuwa mabaya. Nilimweleza hivyo, kisha nikampelekea katoni mbili za maji ya chupa mwenyewe.

Bodi ilitaka kuchimba kisima kipya mara moja. Niliomba wasubiri, na niliwasimulia kwa nini. Nilipokuwa darasa la sita, mradi mmoja ulituletea maji kutoka chemchemi iliyo juu ya shamba la babu. Mabomba mapya, kamati ikachaguliwa, mbuzi akachinjwa. Chemchemi ilipimwa mwezi wa Mei, masika yakiwa bado yananyesha. Septemba mfereji ulitoa hewa tu, na sisi tukarudi mtoni na jerikeni. Hakuna senti iliyoibwa. Kilichokosekana ni mtu wa kurudi na ndoo na saa wakati wa kiangazi, na mtu wa kumlipa kwa kazi hiyo.

Ruzuku ya SEARCH humlipa mtu huyo. Hutolewa na Wizara ya Kilimo ya Marekani, kupitia idara yake ya Maendeleo ya Vijijini, kwa maeneo yenye watu 2,500 au pungufu ambayo kipato chake ni cha chini. Hugharimia upembuzi yakinifu, usanifu na ushauri wa kitaalamu wa miradi ya maji safi na majitaka. Sheria inaruhusu serikali kulipa hadi asilimia 100 ya gharama hizo, na inasema makaratasi yawe machache. Kwa kijiji ambacho akiba yake yote ya maji haitoshi kununua pampu moja, hilo la asilimia 100 ndilo lililofungua mlango. Iko ndugu yake, ruzuku ya maandalizi kwa miji yenye watu hadi 10,000, lakini hiyo hutoa kisichozidi dola 60,000 au asilimia 75 ya gharama, na robo iliyobaki unaitafuta mwenyewe. Robo hiyo sisi hatukuwa nayo.

Kuomba kulinichukua majuma sita ya jioni. Anza na usajili wa SAM, orodha ya serikali kuu ya wanaoomba fedha zake, kwa sababu bila namba yake hupati chochote. Usajili huo ni bure. Atakayekuandikia akitaka umlipe ili akusajili, mkatalie. Afisa wa ofisi ya wilaya alikuja mwenyewe, akakaa nami mezani, akaniambia hesabu zipi za kijiji zinatakiwa na zipi niziache kabatini. Huduma ya namna hiyo sijaipata katika ofisi nyingi, huku wala nyumbani. Tukapewa dola 28,500.

Tatizo lilitoka kwa kampuni ya uhandisi tuliyoichagua. Rasimu yao ya kwanza ilisema tuna mabwawa matatu ya majitaka, na ukurasa wa 14 ulitaja jina la mji mwingine kabisa. Nilikasirika, maana fedha za kupanga zikienda kwa ripoti ya kunakili, kijiji kitakopa mamilioni kwa kuitegemea. Niliirudisha ikiwa na alama nyekundu. Ukipata ruzuku hii, soma kila ukurasa, hata kama huelewi hesabu zake. Mabwawa unaweza kuyahesabu. Baada ya hapo walimleta mhandisi kijana aliyetembea siku mbili na fundi wetu, wakifunua mashimo ya majitaka moja baada ya jingine na kuandika kila walichokiona.

Ripoti ya pili ilistahili kila dola. Ililinganisha njia zote kwa gharama za ujenzi pamoja na za kuendesha mtambo miaka yote ya matumizi. Kisima kipya kilianguka kwanza: Nebraska ina wilaya 23 za maliasili zinazotunza rekodi za visima, na rekodi za wilaya yetu zilionyesha visima vya umwagiliaji vinavyotuzunguka vina nitrati kama yetu au zaidi. Mtambo wa kuchuja kwa utando ungefaa, ila maji yanayobaki baada ya kuchuja, yaliyojaa nitrati na chumvi, yangepelekwa kwenye mabwawa, na bwawa la kaskazini limeshaanza kuvuja. Hapo ndipo niliposhukuru kwamba ruzuku moja inatazama maji safi na majitaka pamoja. Kilichobaki ni bomba la maili 9 hadi mji jirani wenye maji mazuri. Mwenyekiti, mkulima aliyekuwa mstari wa mbele kutaka kisima, aliomba nimsomee mara mbili sehemu inayohusu visima, kisha yeye mwenyewe akatoa hoja ya kuchagua bomba.

Sasa ile nyota ya tano. Ili ufuzu, kipato cha kati cha kaya kiwe chini ya mstari wa umaskini au chini ya asilimia 80 ya kile cha maeneo ya jimbo yasiyo ya miji mikubwa. Kijiji chenye asilimia 81 kinabaki nje, hata kama maji yake ni mabaya kuliko yetu. Katika mahali padogo, familia chache zenye uwezo zikihamia, namba hiyo inabadilika na maji yanabaki yaleyale. Ningependa kiwango cha nitrati nacho kiwe na uzito wake. Na ujue mapema kwamba ruzuku inaishia kwenye karatasi. Ujenzi una maombi yake, yenye mchanganyiko wa ruzuku na mkopo unaoweza kufika miaka 40.

Maombi hayo tuliyapeleka mwezi wa Machi. Wakati tunasubiri, kila Alhamisi nafungua ofisi hadi saa moja jioni na kugawa maji ya chupa kwa nyumba zenye watoto wachanga. Wiki hii ni nyumba nne.