Tilapia wa barafu au tafi wa dema?

Tilapia wa kufugwa kutoka China ni wa bei nafuu, na bahari haimlaumu sana: hulishwa zaidi soya na mahindi, si unga wa samaki. Shida iko njiani. Akiyeyuka kisha akagandishwa tena, nyama hulegea na bakteria huwa washazaana. Ukiona pakiti ina barafu ya unga tele, au maji ya waridi yaliyoganda pembeni, mwache. Nyumbani myeyushe ndani ya friji usiku kucha, si kwenye karai juani.

Tafi, samaki wa baharini, wa soko la Kongowea, Mombasa, mtazame macho, yawe angavu, na matamvua mekundu. Miiba ya mapezi yake ina sumu. Ikate kwanza kwa mkasi. Ila akienea kiganjani, huyo ni mtoto, dema, yaani mtego wa kusukwa uliomnasa, lilikuwa na matundu madogo mno. Hapo afadhali tilapia.