TAHADHARI kwa wenye magari ya zamani: fundi wa kapeti na siti anayetumia picha za watu, nimepigwa laki tisa

Wakuu habari za saizi. Naandika bado nina hasira so mtanivumilia nikirukaruka.

Wengine mnakajua kale ka Datsun 1200 pikapu ka marehemu mzee, nimekahangaikia miaka miwili, nikang'oa injini ya zamani nikatia 5K ya Toyota na giaboksi yake, na giaboksi ikagoma kukaa mpaka tukakata floo katikati tukachomelea kinundu kipya cha bati kikubwa zaidi. Rangi tayari, waya tayari, imebaki ndani tu: kapeti, dari, kava za milango na siti. Jamaa mmoja akanirushia namba ya fundi na picha, nyie zile picha ni balaa, kinundu kimevikwa kapeti hakina hata mkunjo mmoja, kingo zimeshonwa safi, siti za ngozi rangi ya karanga. Nikasema huyu ndo mtu wangu.

Nimekuja kuzikagua zile picha wiki iliyopita baada ya kulizwa tayari. Usukani uko KUSHOTO. Gari zote! Ni hot rodi za Wamarekani huko, yale magari ya zamani wanayoyaunda upya, picha kaziokota mtandaoni. Mimi na macho yangu mawili sikuona.

Bei tukaelewana 1,450,000, akataka kianzio laki tisa, "kaka hiyo ni ya matirio tu, mimi changu utanipa ukiridhika". Nikamwambia twende wote Kariakoo tukanunue, akasema bosi ukionekana na wewe watapandisha bei. Nikatuma.

Sasa ngoja niwaambie alichofanya. Chini ya kapeti tulikubaliana aweke zile shiti za kuzuia kelele na joto, zile za butili (aina ya mpira) zenye foili juu. Yeye akabandika ile lami ya kuzibia bati la paa linalovuja, nayo ina foili juu hivyohivyo, ukiangalia kwa mbali huwezi kutofautisha. Harufu niliisikia siku ya kwanza, kama barabara mpya, nikadhani ni gundi. Siku ya tatu nikaiacha juani kuanzia saa nne, narudi saa tisa lami imeyeyuka inatokeza kwenye maungio ya kapeti pale kwenye kinundu, kandambili ikabaki chini mguu ukaja peke yake. Dari nayo gundi imeachia, kitambaa kimeshuka kama chandarua, naendesha nimeinamisha kichwa.

Kapeti yenyewe ni ile ya sebuleni ya kukata kwa mita. Ile haikunji kwenye kona, kwa hiyo kakatakata viraka kwenye kinundu akaunganisha na gundi. Halafu matundu ya boliti za siti katoboa na drili juu ya kapeti! Drili ikashika uzi ikaufumua kama sweta mstari mzima mpaka mlangoni. Fundi anayejua anatoboa kwa chuma cha moto, uzi unayeyuka pembeni ya tundu unajifunga wenyewe, hata mimi nisiye fundi hilo nalijua.

Hayo yote ningemeza. Kilichonifanya niandike ni hiki. Upande wa abiria kulikuwa na kutu sehemu moja, nilimuonyesha kwa kidole, nikamwambia ukifika hapa nipigie tuchomelee kwanza. Juzi nimefunua kapeti, tundu lipo vilevile, kashindilia boksi na magunia akafunika. Magunia yamekunywa maji ya mvua yote, kutu imekula saizi ya sahani. Na mkanda wa siti ya abiria, boliti nilimkabidhi mwenyewe mkononi, zile nene za inchi 7/16, sijui kazipeleka wapi, mkanda kaufunga na skrubu ya bati la paa. SKRUBU YA BATI. Nimeuvuta kwa mkono mmoja ukang'oka. Siti hiyo anakaa binti yangu kila asubuhi.

Nimempigia, "kaka niko Moro msibani". Kesho yake bado msibani. Afu block. Kuna mdau mwingine ana Peugeot 504 nimeongea naye, hadithi ni ileile hadi msiba, ila yeye alitoa kianzio cha siti na jamaa akaondoka na siti zenyewe pia mpaka leo.

Jina na namba siweki hapa, najua tena anabadilisha laini. Ila mtamjua kwa mwendo: hataki muende wote dukani, hataki uje siku ya kufunga kapeti, kazi anamalizia usiku anakukabidhi gari giza limeingia. Na hizo shiti, kabla hazijabandikwa omba kipande kiweke juu ya boneti saa sita mchana, kikilainika na kunuka lami rudisha palepale.

Saizi niko uani na mafuta ya taa na kisu cha zamani nakwangua lami, nusu ya floo bado. Mwenye fundi wa kweli, awe Ilala awe Tegeta popote, atakayekubali nikae kwenye stuli pembeni wakati anakata, naomba anicheki inbox. Hela nitanunulia matirio mwenyewe.