Hanoi mwezi wa Juni: nilichovaa, nilichobeba, na saa nilizotoka nje

Assalaam aleikum, na habari zenu nyote mnaonitazama. Leo mezani nina feni ya shingoni, mwavuli, mitandio miwili, na hili koti la kijivu lenye kofia na mikono mirefu inayofunika mpaka vidole. Vyote hivi nimevitumia Hanoi, mji mkuu wa Vietnam, siku tisa za mwanzo wa Juni. Wengi mmeniuliza kama mtu anaweza kwenda kule wakati wa joto, kwa sababu likizo za watoto wenu zinaangukia hapohapo. Anaweza. Ila kuna mambo nilitamani ningeambiwa kabla, na ndiyo nitakayowaambia.

Tuanze na joto lenyewe, maana sisi watu wa pwani tunajiamini kwamba tunalijua. Mimi ni mtoto wa Tanga, naishi Dar, Februari zote nimezaliwa nazo. Lakini angalia kalenda. Juni kwetu ni kipupwe. Usiku unavuta shuka, asubuhi watoto wanakwenda shule na sweta. Mwili umeshasahau joto, halafu baada ya safari ya siku nzima unaushusha Hanoi. Mwili unahitaji wiki moja hadi mbili kuzoea joto kali, na wewe huna wiki mbili.

Hanoi iko kwenye nyuzi 21 kaskazini ya ikweta. Mwishoni mwa Mei jua la mchana linapita juu ya utosi, na linarudi tena katikati ya Julai, kwa hiyo Juni nzima ukisimama saa sita kivuli chako unakikanyaga mwenyewe. Mchana wa kawaida ni nyuzi joto 33 au 34. Mawimbi ya joto yakija inafika 38, 39, na mwanzoni mwa Juni 2017 ilivuka 41. Zipo siku upepo unatoka upande wa Laos, nchi jirani, unavuka milima, na ukishuka huku unakuwa mkavu na wa moto kama wa mlango wa tanuri la mkate. Siku nyingine hakuna upepo kabisa, ni fukuto. Bahari iko umbali wa kama kilomita 100, kwa hiyo ule upepo wa jioni unaotuokoa Dar usiusubiri. Na usiku wa manane bado ni 27 au 28. Hilo ndilo lililonichosha kuliko yote: mwili haupati saa ya kupumzika.

Haya, tuje kwenye vitu.

Feni hii ya shingoni niliinunua Kariakoo kabla ya safari. Ni nyepesi, haina kelele, na chaji yake ilinitosha kama saa nne. Ndani ya ukumbi wa uwanja wa ndege ilikuwa raha. Siku ya pili, Hanoi ilipofika 38, ilianza kunipulizia hewa ya moto usoni. Sababu ni rahisi. Feni haitengenezi ubaridi, inasukuma hewa iliyopo. Inakusaidia kwa njia mbili: hewa ikiwa na joto dogo kuliko ngozi yako, na jasho lako likipata nafasi ya kukauka. Kwenye nyuzi 38 njia ya kwanza imekufa. Kwenye fukuto ya pili nayo inakuwa dhaifu, kwa sababu hewa imeshajaa unyevu. Kwa Dar ya Desemba naweza kukushauri uinunue. Kwa Hanoi ya Juni, alama mbili kati ya tano, na hizo mbili ni za usiku.

Mwavuli huu mweusi, ndani una rangi ya fedha. Alama tano. Sina mengi ya kusema: unatembea na kivuli chako, na mvua ikikukuta unao. Na mvua inakukuta kweli. Siku ya nne anga liligeuka jeusi saa kumi jioni, ikapiga radi, na ndani ya nusu saa barabara ya mbele ya nyumba niliyofikia maji yalikuwa yameshafika kwenye vifundo vya miguu.

Mitandio sasa, na hapa dada zangu mnisikilize vizuri. Huu wa kwanza ni ule mwepesi unaoteleza, tunaoupenda kwa sababu hauhitaji pasi. Ni nailoni. Ukiushika unaona ni mwepesi kama hewa, lakini jasho haunywi. Linabaki shingoni, linawasha, na mchana wa kwanza tu nilikuwa na vipele vya joto. Huu wa pili ni pamba tupu, una uzito kidogo, unakunjamana, na ndio uliobaki kichwani mwangu siku zote zilizosalia. Nilikuwa naulowesha maji, naukamua, navaa. Kanga nayo inafaa kazi hiyo ikiwa ni pamba halisi. Nilikuwa na moja, naitandika mabegani nikifika chumbani. Siku zenye upepo mkavu kitambaa kilichoroweshwa kinapoza vizuri sana. Siku za fukuto kinapoza kidogo tu, lakini kidogo hicho unakitamani.

Na watu wengi walinitia hofu kabla sijaondoka: utajifunikaje kwenye joto lile, watakushangaa. Niwaambie nilichokiona. Hanoi ni mji wa pikipiki, kama bodaboda zetu ila kila nyumba ina yake. Ikifika saa nne asubuhi, karibu kila mwanamke aliye juu ya pikipiki amejifunika gubigubi. Koti lenye kofia, barakoa mpaka chini ya macho, glavu, na sketi ya kufunga kiunoni inayofunika miguu mpaka kwenye viatu. Wanalinda ngozi isiungue wala kuwa nyeusi, na wanajikinga na mionzi. Mimi na hijabu yangu nilikuwa miongoni mwa waliojifunika kidogo. Hakuna mtu aliyenishangaa.

Koti hilo wanaliita áo chống nắng, maana yake nguo ya kukinga jua. Ndilo hili. Nililinunua soko la Đồng Xuân, lile soko kubwa lililojengwa na Wafaransa mwaka 1889 pembezoni mwa mji wa zamani. Walianza na dong 300,000, dong ndiyo pesa yao, tukapatana 180,000. Kwa hesabu ya haraka, futa sifuri moja unapata shilingi za Tanzania kwa kukadiria, kwa hiyo kama elfu kumi na nane. Niliona ni bei nzuri. Angalieni kitambaa: kina vitundu vidogo mgongoni na kwapani, hapa. Kofia ina ukingo mgumu unaozuia jua usoni. Mikono ina tundu la dole gumba, unavuta inafunika kiganja. Kasoro yake ni zipu, ni nyembamba na imeshakwama mara mbili. Lakini ngozi ikiwa haipigwi na jua moja kwa moja tofauti unaisikia hapohapo. Nilivaa nguo ya pamba ndani na koti juu, na nilitembea muda mrefu kuliko nilipokuwa bila koti. Alama nne na nusu.

Ngoja niwaambie lililonipata, kwa sababu hakuna kitu kati ya hivi kingenisaidia siku ile. Siku ya pili niliondoka saa tano na nusu asubuhi kwenda uwanja wa Ba Đình, mahali Ho Chi Minh, rais wao wa kwanza, alipotangaza uhuru wa Vietnam tarehe 2 Septemba 1945. Nilitaka kupiga picha mbele ya kaburi lake. Uwanja ni mkubwa, majani na saruji, na katikati hakuna kivuli hata cha kuku. Nilikuwa na feni shingoni na chupa moja ya maji. Baada ya dakika ishirini kichwa kilianza kugonga, halafu nikaona jasho limekata. Jamani, jasho likikata kwenye joto kama lile, hiyo ni hatari, acheni kila kitu. Nilivuka barabara nikakaa kwenye kiti kidogo cha plastiki cha mama mmoja anayeuza chai kando ya njia. Hakuniuliza nataka nini. Alinimwagia maji mikononi, akanipepea kwa kipepeo chake cha mkono, akaniwekea bilauri ya trà đá, ile chai yao ya kijani ya barafu. Akaniita cháu.

Neno hilo nilielezwa baadaye na binti wa nyumba niliyofikia. Kivietinamu hakina neno moja tu la kusema "wewe" kwa kila mtu. Lazima kwanza ujue umri, ndipo umwite mtu mdogo wangu, dada, shangazi, au bibi. Cháu ni mtoto wa ndugu, au mjukuu. Sisi tuliokuzwa na shikamoo tunalielewa hilo bila kufundishwa. Nilikaa kwa mama yule karibu saa nzima, na alipopokea pesa alikataa zaidi ya bei ya chai.

Kuanzia siku ile nilibadilisha saa zangu, na hapa ndipo safari yangu ilipoanza kweli. Watu wa Hanoi wenyewe mchana hawapo barabarani. Jua linachomoza kama saa kumi na moja na robo, na saa hiyo ziwa la Hoàn Kiếm katikati ya mji limeshajaa. Wazee wananyoosha viungo, wanawake wanacheza ngoma za mazoezi kwa spika, wengine wanazunguka ziwa kwa haraka. Mnara wa Kobe unaonekana katikati ya maji, na daraja jekundu la kwenda kwenye hekalu la Ngọc Sơn linang'aa. Kufika saa mbili na nusu nimeshatembea, nimeshakunywa supu ya phở ya asubuhi, nimerudi. Saa tano hadi saa kumi nilikuwa ndani. Maduka mengi madogo hushusha pazia, mwenyewe analala kwenye mkeka na feni miguuni. Nilijifunza kulala mchana na sikuona haya. Jioni kuanzia saa kumi na moja mji unafunguka tena mpaka usiku.

Kwenye saa za mchana yapo mambo mawili yanayofaa. Moja ni treni ya mjini, ile ya Cát Linh hadi Hà Đông iliyofunguliwa Novemba 2021, kilomita 13 juu ya barabara, ina kiyoyozi na nauli ni ndogo. Nilipanda kwenda na kurudi kuutazama mji tu. La pili ni Văn Miếu, Hekalu la Fasihi lililojengwa mwaka 1070. Lina miti mikubwa na nyua zenye vivuli, na humo kuna mawe 82 yaliyobebwa na kobe wa mawe, yameandikwa majina ya waliofaulu mitihani ya kifalme tangu karne ya 15. Lakini hata hapo, nenda mapema.

Vinywaji: trà đá kila mahali. Juisi ya miwa ipo kama kwetu, wanakamulia na ndimu ndogo za rangi ya chungwa. Halafu kuna sấu, tunda la kijani kutoka kwenye miti iliyopandwa kando ya barabara. Wanalipika na sukari na tangawizi, wanatia barafu, lina uchachu wa embe bichi. Kwa joto lile sijapata kinywaji kilichonikata kiu namna hiyo. Juni pia ni msimu wa vải, tunda la ukoo mmoja na shokishoki letu, linauzwa kwa mafungu na matawi yake. Na duka la dawa lolote ukisema Oresol wanakupa chumvi na sukari ya kuchanganya na maji. Beba pakiti mbili mfukoni kila siku.

Kwa Waislamu: msikiti upo, Al-Noor, mtaa wa Hàng Lược, ulijengwa na wafanyabiashara Waislamu kutoka India mwishoni mwa karne ya 19. Ni mdogo, mweupe, na sakafu yake ilikuwa baridi siku niliyoswali adhuhuri pale. Nyama ya nguruwe iko kwenye vyakula vingi, na hata mafuta ya kukaangia yanaweza kuwa yake, kwa hiyo uliza kabla ya kukaa, hata kwenye samaki. Pesa nazo ziangalie: noti ya 20,000 na ya 500,000 zote ni za buluu. Nilizitenga kwenye mifuko miwili.

Na kuna kitu kimoja sikukitarajia. Barabara nyingi zilikuwa nyekundu kwa maua ya mkrismasi. Ni mti uleule wetu, asili yake Madagaska, ila kwetu unachanua Desemba na kule unachanua Mei na Juni, wanafunzi wanapofunga shule. Nyenje wanalia humo mpaka unapaza sauti kuongea. Wanafunzi waliovaa sare nyeupe walikuwa wanapigana picha chini yake saa kumi na mbili jioni, na nilisimama pale muda mrefu.

Koti la pili hili hapa, la buluu. Nimemletea mama, anauza samaki Tanga na banda lake halina paa upande wa magharibi. Zipu nimeshambadilishia kwa fundi, nimetia nene. Akilivaa miezi mitatu ya jua na kulifua kila wiki, nitarudi niwaonyeshe kitambaa kikoje.