Aliyeandika jina la mwizi kwenye kitabu cha mwanangu

Hasira hii ninayo tangu likizo ya Disemba na haijanitoka, kwa hiyo naisema.

Kitabu chenyewe ni Greenglass House cha Kate Milford wa Marekani. Nilikiagiza kwa muuza vitabu vya mitumba Kampala, kikaja na basi hadi hapa Kasese. Binti yangu alikuwa amemaliza mitihani ya darasa la sita na nilitaka kumbandua kwenye simu. Jioni ya kwanza tulisoma kwa sauti, tukipokezana. Milo, mtoto wa wenye nyumba ya wageni juu ya kilima, anangoja likizo ya utulivu bila mgeni hata mmoja. Theluji inaanguka. Mara kengele inalia: mgeni. Kisha mwingine, na mwingine.

Tukafungua ukurasa uliofuata. Pembeni, kwa kalamu ya buluu, mtu amechora mshale kwenye jina la mgeni mmoja na kuandika kwa herufi kubwa kwamba mbaya ni huyu. Amepiga na mistari miwili chini yake.

Mwanangu alinyamaza. Akaufunika ukurasa kwa kiganja, akaniambia, "Mama, usisome hapo." Yeye alikuwa ameshasoma. Alikuwa ananikinga mimi.

Nilimpigia muuzaji asubuhi. Akaniuliza, "Mama, karatasi zote zimo?" Zimo. "Basi kitabu ni kizima. Mitumba ni mitumba." Nikamwambia shati la mitumba likiwa na doa nalifua, hili la mtoto kuambiwa mwizi mapema nalifua na nini? Akakata simu. Nikapiga tena, hakupokea. Sikudai hata shilingi. Nilitaka aseme pole, basi.

Siku ile ningemwambia mtu yeyote asikiguse kitabu hiki. Hadithi ya upelelezi ukishajua mwizi, umebaki na nini?

Lakini binti yangu hakukiacha. Alikata kipande cha karatasi ya daftari, akakigundisha juu ya ule wino, akaendelea. Nyumba ile ina historia ya wauza magendo na watu wa forodha wanaowawinda, na mtoto aliyewahi kupita Mpondwe, mpakani na Kongo, hahitaji kuelezwa magendo ni nini. Kilichomshinda ni theluji ya kufungia watu ndani. Sisi tulikuwa tunasoma madirisha yote wazi kwa joto. Ndipo siku moja mawingu yakapanda mapema na Rwenzori ikaonekana, nyeupe kule juu kabisa, na bibi yake, ambaye ni Mkonzo, akamwambia ile ndiyo nzururu, yaani theluji kwa Kikonzo, na milima imeitwa kwa jina hilo. Tangu hapo kila theluji ya kitabuni akawa anaisoma nzururu.

Katikati kuna sehemu inakokota miguu, wageni wakikaa karibu na moto kusimuliana visa. Mimi nilichoka. Yeye alizipenda kurasa hizo kuliko zote, akazirudia, na kitabu ni chake, kwa hiyo nafuta neno langu.

Halafu kuna hili. Mwenye kalamu ya buluu alifichua mbaya wake, lakini humo mna siri ya pili, kubwa kuliko ya kwanza, na hiyo hakuigusa. Binti yangu aliifikia alfajiri, peke yake, akaja kuniamsha huku anatetemeka. "Mama, alikuwa hapo siku zote!" Sisemi nani. Kitabu kilipata tuzo ya Edgar ya hadithi za upelelezi za watoto mwaka 2015, na baada ya alfajiri ile sina ubishi na waliokitunuku.

Muuzaji sijamsamehe. Nunueni kitabu, ila mkague pembeni mwa kila ukurasa kabla hamjatuma pesa.

Wiki hii mtoto wa jirani amekuja kukiazima. Kabla ya kumpa, binti yangu alikifungua palepale na kukandamiza ile karatasi kwa kidole gumba, kuhakikisha gundi bado imeshika.