Tofali la udongo au la saruji?
Msanifu majengo Francis Kéré alipojenga shule ya msingi kijijini kwao Gando, Burkina Faso, iliyokamilika mwaka 2001, alitumia tofali la udongo lililotiwa saruji kidogo. Kwa joto, udongo unashinda wazi: ukuta mnene huchelewa kupata moto, na bati alilolinyanyua juu ya dari hupitisha upepo katikati. Gharama pia: udongo uko palepale na wanakijiji walijenga wenyewe, ilhali saruji hulipiwa hadi lori. Kwenye matunzo saruji ndiyo bora. Mvua ya ubavuni hula udongo, kwa hiyo paa sharti litokeze sana. Una kiwanja kipana chenye udongo mzuri? Jenga kwa udongo. Ghorofa kwenye kiwanja finyu? Hapo ningechukua saruji.