Vitabu vya Kitaaluma Kuhusu Urusi na Majirani Zake: Uanze na Kipi

Swali hili naulizwa mara kwa mara: mtu anataka kuielewa Urusi, ana hela ya kitabu kimoja au viwili, anunue kipi? Mara nyingi huwa keshachagua. Kitabu cha vita, jalada jekundu, picha ya Kremlin, kimetoka juzijuzi. Namsihi akirudishe rafuni. Vingi kati ya hivyo viliandikwa mbiombio baada ya Urusi kuivamia Ukraine Februari 2022, na habari zinavipita kabla msomaji hajafika katikati. Hela ya kwanza iwekwe kwenye utamaduni, ya pili kwa majirani wa Urusi. Mivutano ya Moscow na Washington ije ya tatu. Nimevipanga kwa mtindo huo.

Namba moja ni Natasha's Dance cha Orlando Figes, kilichotoka 2002. Jina limetokana na kisa kimoja katika riwaya ya Tolstoy, Vita na Amani. Natasha Rostova ni binti wa kabaila, amelelewa kwa Kifaransa na mlezi wa kigeni. Siku hiyo ametoka kuwinda, na jioni inawakuta katika nyumba ya mbao ya mzee wanayemwita mjomba. Mjomba anachukua gitaa na kupiga wimbo wa wakulima. Msichana anautupa mtandio wake, anashika kiuno, anacheza, na kila mkao wa bega na mkono uko sawasawa na wa wanawake wa kijijini, ingawa hakuna aliyewahi kumfundisha. Figes anauliza: ngoma hiyo aliijulia wapi? Kitabu kizima, zaidi ya kurasa 600, ni safari ya kulijibu swali hilo, na hakubali jibu jepesi kwamba kuna roho ya Kirusi inayorithiwa kwenye damu. Anaonyesha jinsi wachoraji, watunzi wa muziki na waandishi walivyoitafuta Urusi kwa wakulima, kanisani na kwenye nyika, na mara nyingi wakaiunda wenyewe walipodhani wameikuta. Sura inayohusu wazao wa Genghis Khan peke yake inatosha kulipia kitabu. Inaanza na mchoraji Kandinsky akisafiri mwaka 1889 kwenda kwa Wakomi, huko kaskazini, kutafuta mabaki ya imani za kale. Chukua toleo la jalada laini. Limechapwa sana, na la mtumba hupatikana bila shida.

Namba mbili watu hunibishia, lakini sibadili: Central Asia cha Adeeb Khalid, Princeton University Press, 2021. Aliyesoma madrasa anaijua Sahihi ya Bukhari, mkusanyo wa hadithi za Mtume, na amewahi kumsikia Tirmidhi, mkusanyaji mwingine. Ni wangapi tumekaa tukafikiri kwamba Bukhara ni mji, upo Uzbekistan, na kwamba Termez ya Tirmidhi ipo kusini mwa nchi hiyohiyo, mpakani na Afghanistan? Khalid anaeleza yaliyoipata miji hiyo chini ya tsar, mfalme wa Urusi, kisha chini ya Wasovieti: misikiti kufungwa, hati ya Kiarabu kuondolewa ikaja ya Kilatini na baadaye ya Kisirili (herufi za Kirusi), mashamba kugeuzwa ya pamba iliyonyweshwa maji mengi hadi sehemu kubwa ya Bahari ya Aral ikakauka. Anaweka kando kwa kando upande uliotawaliwa na Urusi na ule uliotawaliwa na China, wakiwemo Wauighur, Waislamu wa magharibi mwa China, jambo ambalo vitabu vingi hulikwepa. Na Khalid hawachori Waislamu wa huko kama watu waliokaa kimya wakitendewa. Utawakuta Majadidi, wanamageuzi waliofungua shule mpya na magazeti, wengi wao wakauawa enzi ya Stalin. Kwa msomaji wa pwani yetu, sijui kitabu kingine cha eneo hili kinachomgusa zaidi.

Namba tatu ni Lost Kingdom cha Serhii Plokhy, cha 2017. Kinaanza na sanamu ya mfalme Vladimir iliyozinduliwa karibu na Kremlin Novemba 2016, sanamu ya mtu aliyetawala Kyiv, mji mkuu wa Ukraine ya leo, na hakuwahi kuiona Moscow. Kutoka hapo Plokhy anafuatilia jinsi Moscow ilivyojifanya mrithi wa Kyiv, na jinsi wazo la taifa moja la Warusi, Waukraine na Wabelarusi lilivyojengwa karne kwa karne. Ukikimaliza, hotuba za leo kuhusu Ukraine utazisikia kwa sikio jingine. Angalizo kwa mnunuzi: toleo la Uingereza na la Marekani yana vichwa vidogo tofauti, lakini ni kitabu kilekile. Usinunue mara mbili.

Everything Was Forever, Until It Was No More cha Alexei Yurchak, cha 2006, nakiweka cha nne kwa sababu ya ugumu tu. Swali lake ni zuri mno: ilikuwaje watu walioamini kwamba Muungano wa Sovieti utadumu milele wasishangae sana ulipovunjika? Sura za mwanzo zimejaa nadharia za lugha. Vumilia, au anza na zile za vijana, muziki na utani. Asiye na mazoea ya maandishi ya anthropolojia akiache kwanza.

Not One Inch cha M. E. Sarotte, Yale, 2021, ndicho cha siasa za dunia ninachokiamini. Jina linatokana na maneno ya James Baker, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, kwa Gorbachev, kiongozi wa Sovieti, Februari 1990, kwamba NATO, jumuiya ya kijeshi ya nchi za Magharibi, haitasogea mashariki hata inchi moja. Sarotte ameyafuata maneno hayo kwenye nyaraka hatua kwa hatua. Hayakuingia katika mkataba wowote, lakini yalitamkwa, na Moscow na Washington zote mbili zimeyatumia zitakavyo tangu hapo. Tanbihi zake ni nyingi, na mwanafunzi wa uhusiano wa kimataifa atazihitaji.

The Caucasus cha Thomas de Waal, kinachohusu Georgia, Armenia na Azerbaijan, ni chepesi na kifupi. Chukua toleo la pili, maana la kwanza ni la 2010. Hata hilo la pili lilitoka kabla ya vita vya 2020 vya Karabakh, eneo lililogombaniwa na Armenia na Azerbaijan, na kabla ya Waarmenia zaidi ya 100,000 kuikimbia Karabakh Septemba 2023, kwa hiyo hayo utayatafuta kwingine.

The Icon and the Axe cha James Billington, cha 1966, usikinunue kipya. Jina linakumbusha vitu viwili vilivyoning'inia ukutani mwa kibanda cha mkulima wa kaskazini, picha takatifu na shoka. Ni kitabu cha historia ya utamaduni wa Urusi, kizito, kizuri na kimezeeka. Kwa bei ya mtumba ni mali.

Kuhusu kulipa. Vitabu vya vyuo vikuu hutoka kwanza na jalada gumu kwa bei ya kuumiza, kisha jalada laini hufuata, mara nyingi baada ya mwaka mmoja au miwili. Subiri. Mimi sikusubiri: nilinunua mtandaoni, kwa muuzaji wa bei ya kutupa, kitabu kinachodaiwa kuwa kipya. Kilipofika, karatasi zilikuwa za fotokopi, ramani nyeusi tii, na faharasa haikuwemo kabisa. Sasa naomba picha ya ukurasa wa haki za uchapishaji na ya ukurasa mmoja wa ramani kabla sijatuma hela. Muuzaji akisita, namwacha.

Na ukipita kwa wauza mitumba ukakuta vile vitabu vya Kiswahili vilivyochapwa Moscow na shirika la uchapishaji la Progress enzi za Wasovieti, vichukue kama bei ni ya chini. Si vya kitaaluma, na usivisome kama historia. Ila vinakuonyesha Moscow ilivyotaka sisi tuione, tena kwa lugha yetu wenyewe, na havichapwi tena.